Mtoto mdogo akipelekwa ng'ambo apelekwe bembeani, acheni kumburuta madukani!

Asalaam alaykum wanajukwaa. Nina uchungu, na atakayekasirika akasirike.

Sisi watu wa Lamu tuna jamaa Muscat, Dubai, London, kila pembe. Mtu akijaliwa tikiti huondoka na watoto wake, alhamdulillah. Sasa tazameni safari yenyewe: leo kwa shangazi, kesho kwa mjomba, kesho kutwa madukani tangu asubuhi. Mtoto wa miaka mitatu anavishwa koti, anafungwa kwenye kigari, anaambiwa tulia. Akigaragara sakafuni dukani, mama yake ndiye hajui kulea!

Mtoto huyu amezaliwa Langoni, mtaa wa hapa Lamu mjini. Vichochoro vyetu havipiti gari, cha kukimbia ni punda mwenye mzigo, na siku hizi pikipiki kule pwani. Anatoka mlangoni, anafika uwanjani Mkunguni, na kila mtu anajua ni mtoto wa nani. Ng'ambo mkono wake umeshikwa kutwa nzima kwa sababu ya magari. Nyumbani ni ghorofani, akiruka mara mbili jirani wa chini ashagonga. Uwanja wa watoto una uzio na geti. Ni hapo tu ninapoweza kumwachia mkono. Hilo ni gumu kulielewa?

Mimi nilisemwa London mbele ya wageni: "Umetoka Lamu kote huko kuja kubembea?" Ndiyo! Nilimpeleka Kensington Gardens, kwenye uwanja wa kumkumbuka Princess Diana uliofunguliwa mwaka 2000. Kiingilio hakuna. Kulikuwa na jahazi kubwa la mbao, na mchanga chini yake. Mwanangu, aliyekuwa amenuna tangu tulipofika, alivua viatu mwenyewe, akauzamisha mguu mchangani mpaka kifundoni, akautazama, kisha akacheka. Akaja mtoto mwingine, hawajuani lugha. Wakachimba shimo moja, huyu akifukua, yule akishika ndoo. Usiku ule alilala bila kubembelezwa. Hao walionisema hawakuliona hilo, walikuwa wanapima viatu.

Tena pale pale London kuna uwanja wa watoto wa Coram's Fields, ambako mtu mzima haruhusiwi kuingia bila mtoto. Yaani mtoto ndiye anayemwingiza mzazi! Wenye mji wametenga ardhi katikati ya jiji kwa ajili ya watoto, nyinyi mnaniambia ninapoteza wakati. Pesa za kununua midoli inayovunjika kabla ya kufungwa sandukuni mnazo, cha bure hamkitaki.

Na wale wa Muscat msinisingizie jua. Najua mwezi wa Juni na Julai chuma cha bembea kinaunguza paja la mtoto. Basi tokeni usiku. Bustani ya Qurum ipo, hamhitaji kumfungia sebuleni na simu mkononi mpaka macho yawe mekundu.

Mliosafiri na watoto wadogo, semeni kweli: kuna mwenyeji aliyewahi kuwauliza kwanza, "Watoto tuwapeleke wapi wakacheze?" Mimi safari ijayo, inshallah, asubuhi ni ya mwanangu, jamaa nitawaamkia alasiri. Asiyeridhika aniambie mapema, nitafute pengine pa kufikia.