Ruta ya kumpelekea mama Malindi

Assalaam alaykum jamaa,

Wiki mbili zijazo natoka Leicester nakwenda Unguja. Mama anakaa Malindi ya Mji Mkongwe, nyumba ya zamani ya ghorofa. Ruta yake ni ya kutia laini, iko ukumbini chini. Tukizungumza kwa video, akipanda chumbani kwake juu, picha inaganda, uso nusu anacheka. Nataka kumchukulia yenye nguvu zaidi. Ninayo moja niliyoachiwa na kampuni ya intaneti ya huku, ina antena nne. Itafaa?

—

Waalaykum salaam, kaka.

Hiyo iache hukohuko. Mie nilibeba ya namna hiyo mpaka Chake Chake, kuitoa sandukuni naona modemu yake ni ya waya wa simu. Waya wa simu wa kwetu ulikuwa umeshaanikwa nguo. Kama yako ina tundu la WAN (la kuingizia intaneti kwa waya kutoka kifaa kingine), labda utaitumia kusambazia wai-fai tu.

Halafu, antena nne haziondoi ukuta. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake hufika nusu mita. Masafa ya wai-fai ya GHz 5 yana kasi lakini ukuta kama ule unayameza, ya 2.4 hupenya zaidi, ila ni ya polepole. Na hata ruta ikipiga kelele vipi, simu ya mama inaijibu kwa sauti yake ndogo ileile. Watu wengi hili hawalioni, wanatoa pesa mara ya pili.

Ningekuwa wewe ningeanza kwa kuipandisha hiyohiyo ruta juu, karibu na dirisha. Hapo hata mnara wa simu inaupata vizuri. Kisha shusha waya wa mtandao kwa kwenye ngazi (unaweza kwenda mpaka mita 100), chini ufunge kifaa cha pili cha kutoa wai-fai. Ukiona bado, ndipo ununue ya 4G isiyofungwa kwa kampuni moja, yenye matundu ya kufungia antena ya nje. Inunue mjini hapo Unguja, utie laini ya mama palepale dukani uone inashika. Za soko la Marekani ziogope, masafa yake huenda yasilingane na ya kwetu.

Kitu cha kubeba kutoka huko ni betri ndogo ya ruta, maana umeme ukikatika hata sekunde mbili, ruta inaanza kuwaka upya na mazungumzo yameshakatika. Soma nyuma ya ruta ya mama: nyingi ni volti 12, lakini tazama na ampea, betri ilingane nayo. Plagi ya Uingereza haina tabu, ni ileile ya nyumbani.

—

Ahsante dada. Nimempigia mama kumwambia habari ya dirisha. Anasema pale ndipo analala paka, na paka hahami.