Nyati wa maji anahema mchana kutwa bandani: nimmwagie maji tu au nichimbe dimbwi?

Mfugaji mpya: Wakuu, habari za saa hizi. Nafuga nyati wa maji wa maziwa kwenye banda la sakafu ya saruji. Jua likipanda wanasimama wamebanana kwenye kivuli, midomo wazi, udenda unawatiririka, na hakuna anayelala kucheua mpaka jioni. Aliyeniuzia aliniambia wanatunzwa kama ng'ombe tu. Jambo la pili, jike mmoja anabana maziwa, na nashauriwa nimdunge oksitosini, homoni ya kushusha maziwa, kila asubuhi. Roho inasita.

Mama Ndama: Karibu, ndugu yangu. Mimi nimezeeka na wanyama hawa na nawapenda, kwa hiyo nivumilie nikirefusha. Aliyekuambia watunzwe kama ng'ombe amekupoteza. Nyati ana tezi za jasho chache mno kuliko ng'ombe, halafu ngozi ni nyeusi na manyoya haba. Jua linaingia lote, joto halina pa kutokea. Kugaagaa kwenye matope ndiyo njia yake ya kupoa, na matope yakikauka mwilini humkinga na nzi. Hao wako wanaohema wamesimama wanateseka sasa hivi.

Ukiweza, chimba dimbwi, ila maji yasituame: kiwele huambukizwa, na penye konokono kuna minyoo ya ini. Kama huwezi, funga bomba la manyunyu yenye matone makubwa, yalowanishe ngozi yenyewe. Ukungu mwepesi hauwafai, unaongeza unyevu hewani tu. Acha upepo upite, na sakafu isiteleze.

Sindano hapana. Maziwa ya nyati karibu yote hukaa juu kwenye tezi, chuchuni yapo kidogo sana, ndiyo maana huchelewa kushuka. Mchomo wa kila siku ni maumivu, na akishazoea hatashusha bila huo. Mkamuaji awe yuleyule, ndama asogezwe karibu, jike apewe chakula, kisha mkande kiwele taratibu kwa maji ya vuguvugu. Mgeni akiingia anapiga kelele, maziwa yanapanda tena. Subiri.

Bandani: Mama, kwa heshima, Italia kuna mabanda makubwa ya nyati yasiyo na dimbwi na maziwa ya jibini yanatoka kila siku. Mbona tunamtisha mwenzetu?

Mama Ndama: Mwanangu, maziwa kutoka hakuthibitishi kuwa mnyama yu mzima wa raha. Jike hutoa maziwa huku anaumwa miguu. Mtazame amelala au amesimama, anacheua au anahema. Na tukiwa hapo, tuseme na la ndama dume, maana ndiye anayeumia kimyakimya. Kwa kuwa hatakamuliwa, watu humnyima dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, wengine humwacha afe njaa. Hilo linaniuma kuliko yote. Apate dang'a saa zile za kwanza kama dada yake. Kama huna mpango naye, tafuta wa kumlea hata kabla hajazaliwa. Mimba ni zaidi ya miezi kumi, muda upo.

Mfugaji mpya: Shikamoo mama, na asante. Manyunyu niwashe saa ngapi?

Mama Ndama: Marahaba. Usingoje waheme. Anza jua linapochomoza vizuri, rudia mara kwa mara hadi joto lishuke, na walowanishe tena kabla ya kukamua jioni. Kausha kiwele kwanza ndipo ukamue.