Mkanda wa tumbo: wali na mkate vinakwama tangu niongezwe maji, na safari ya Mombasa imekaribia

Bi_Leicester

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nina mkanda wa tumbo, ule wa silikoni unaofungwa kwa upasuaji sehemu ya juu ya tumbo ili kupunguza uzito na kujazwa maji kwa sindano, huu ni mwaka wa pili. Mkanda wenyewe ni wa ml 10. Ulikuwa na ml 6, na siku tisa zilizopita umeongezwa hadi ml 6.8. Tangu hapo wali, mkate na kuku vinakwama karibu kila siku: kifua kinabana, mate yanajaa mazito kama ute wa bamia, kisha tonge linarudi vile vile lilivyoingia. Supu, uji na mtindi vinapita bila shida. Usiku nikilala nakohoa, na asubuhi mdomo unakuwa mchungu. Kilo zinashuka, ndiyo maana nasita kurudi kliniki wasije wakaulegeza.

Baada ya siku kumi na mbili nasafiri kwenda Mombasa kwa wiki sita, na sehemu kubwa itakuwa Ramadhani. Je, nivumilie mpaka nizoee? Nile nini huko, nifuturu vipi, na dawa za malaria nitazimezaje?

Kijiko_cha_Chai

Waaleikum salaam dada. Tonge likikwama, acha kula papo hapo, simama, tembea tembea chumbani, legeza nguo ya kifuani. Usinywe maji kulisukuma. Njia imeziba, kwa hiyo maji yanajikusanya juu ya tonge na maumivu yanazidi. Soda ndiyo usiiguse kabisa, maana gesi yake inatanua kile kijifuko kidogo cha tumbo kilicho juu ya mkanda, ambacho kazi yake ni kubaki kidogo. Mara nyingi tonge hushuka lenyewe au kurudi ndani ya nusu saa. Baada ya hapo kaa kwenye vinywaji na supu iliyochujwa kwa saa 24, kwa sababu pale penye mkanda pamevimba, na ukirudi kwenye wali siku ile ile patakwama tena kwa uhakika.

Sasa ulaji. Tonge la kawaida la mkono, lile la kuminya pilau kwenye sinia, ni kubwa mara nne kuliko unaloweza. Tumia kijiko cha chai na ukichukue nusu. Kipande cha nyama kisizidi ukucha wa kidole kidogo. Tafuna mara ishirini, meza, kisha weka kijiko chini kwa dakika nzima. Dakika hiyo haitokani na adabu ya mezani. Tonge moja halipiti mkanda kwa msukumo mmoja, umio hulisukuma mara kadhaa kabla halijaisha kupita, na tonge la pili likifika wakati la kwanza bado liko mlangoni, ndipo mambo yanapoharibika. Mlo mzima ni sahani ya kikombe, dakika 20 hadi 30, ukipita hapo acha hata kama kimebaki.

Kuhusu kubanwa, siku chache za mwanzo baada ya kuongezwa maji huwa ngumu kwa wengi, uvimbe hushuka. Kaa kwenye vyakula laini wiki moja zaidi uone.

Nesi_wa_Marekebisho

Yote aliyosema Kijiko kuhusu kukwama ni sahihi, ila sikubaliani na kungoja wiki moja zaidi. Uvimbe wa kuongezwa maji huisha ndani ya siku mbili tatu. Siku ya tisa si uvimbe tena.

Bi Leicester, katika yote uliyoandika, linaloniogopesha ni kikohozi cha usiku. Chakula na mate yanabaki kwenye umio juu ya mkanda, ukilala yanarudi kooni na kuchungulia njia ya hewa. Ukiendelea hivyo unaweza kupata homa ya mapafu. Umio nao ukikaa umejaa kila siku hutanuka kama soksi iliyovutwa na hupoteza nguvu ya kusukuma. Na kila unapotapika, sehemu ya chini ya tumbo inavutwa kupanda kupitia ndani ya mkanda. Hivyo ndivyo mkanda unavyoteleza, na mkanda ulioteleza unaweza kubana tumbo hadi damu isifike. Ikifika hapo ni upasuaji wa dharura.

Naelewa uchungu wa kuona kilo zinashuka halafu uambiwe ulegeze. Lakini kilo hizo zinashuka kwa sababu huli. Mkanda hukuwekewa ili ukuzuie kula, uliwekewa ushibe kwa kidogo na ukae saa nne tano bila njaa. Anayebanwa kupita kiasi humalizikia kwenye uji wa sukari, aiskrimu na biskuti za kuloweka kwenye chai, maana ndivyo vinavyopita, na baada ya miezi michache uzito unarudi huku anatapika. Piga simu kliniki kesho, usingoje miadi. Sema maneno haya: "nakohoa usiku na ninarudisha chakula kigumu kila siku tangu niongezwe ml 0.8." Watakutoa zote 0.8 au nusu yake. Kabla hujatoka pale, kunywa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima. Yasiposhuka kwa raha, usiondoke.

Ukishatolewa maji, siku ya kwanza kunywa tu, ya pili laini, ya tatu jaribu samaki. Kikohozi kikiendelea hata baada ya kutolewa maji, omba eksirei ya kumeza dawa nyeupe, ile ya beriamu, waone kama mkanda umekaa mshazari wake wa kawaida au umelala. Na ikiwa siku yoyote huwezi kumeza hata mate yako, au una maumivu makali ya juu ya tumbo yasiyokatika, hiyo ni ya kwenda hospitali usiku huo huo.

Mfamasia_Changamwe

Naongezea la dawa. Kinga ya malaria kwa Mombasa unaihitaji. Doksisaiklini ya mg 100 ndiyo ya bei nafuu, lakini kwa mwenye mkanda siipendekezi hata kidogo. Kidonge hicho kikisimama kwenye umio kinauunguza na kuacha kidonda, na wewe una mahali maalumu pa kukisimamisha. Mwombe daktari atovakwoni-proguanili: kimoja kila siku, unaanza siku moja au mbili kabla ya kufika, unaendelea muda wote ukiwa huko na siku saba baada ya kuondoka. Kinaweza kusagwa na kuchanganywa na maziwa. Maziwa yawe na mafuta yake, maana bila mafuta dawa hainyonywi vizuri. Ukitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, rudia dozi.

Ukiugua malaria ukapewa ALu (dawa mseto ya artemeta na lumefantrini), dozi ya mtu mzima ni vidonge vinne mara sita ndani ya siku tatu, na ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza. Navyo vinasagika, na vinataka maziwa yenye mafuta vile vile. Dawa yoyote iliyoandikwa ya kutoka taratibu usiisage wala usiivunje. Uliza kama ipo ya maji.

Diklofenaki na ibuprofeni kaa navyo mbali. Huku kwetu duka lolote la dawa watakupa diklofenaki kwa mgongo tu, na wengine watataka kukudunga. Sindano hainusuru, madhara yake tumboni yapo pale pale, na ukuta wa tumbo ulio chini ya mkanda ndio mkanda unaweza kuula taratibu mpaka uingie ndani. Panadol inatosha. Vitamini chukua za kutafuna.

Shamte_wa_Kuze

Mie nijibu la futari. Kwanza, ukiwa na udhuru wa maradhi, ruhusa ya kula na kulipa unayo, kwa hiyo usijilazimishe kama mkanda bado haujatulia. Matapishi yaliyokushinda hayabatilishi saumu, ya kujitapisha ndiyo yanayobatilisha. La kuzingatia zaidi ni maji: jua likizama saa kumi na mbili na nusu na alfajiri ikiingia karibu saa kumi na moja, una usiku mmoja wa kuingiza lita moja na nusu hadi mbili, kidogo kidogo, bila kuchanganya na chakula.

Sala zitakupangia saa. Adhana ya Magharibi: tende moja, imenywe ganda na kukatwa vipande vinne, na maji glasi moja ya kunyonyanyonya. Sali. Ukirudi ndipo ule, dakika zako ishirini na tano, bila glasi mezani. Kisha nusu saa hakuna kunywa. Kuanzia Isha chukua chupa ya nusu lita uende nayo Tarawehe, iishe kabla ya saa nne, na nyingine kabla ya kulala. Daku: ukiamka kunywa glasi moja kwanza, ngoja dakika kumi, maji hayakawii kupita, halafu ule. Usile ukarudi kulala. Kaa mpaka usali Alfajiri, na ikibidi ulale, lala kwa mito miwili. Mkojo ukiwa rangi ya chai au kichwa kikizunguka, fungua.

Kwenye sinia yenyewe: samaki wa kupaka au changu wa mchuzi wa nazi aliyechambuliwa miba, huyo ni rafiki yako. Gramu 100 zinakupa protini zipatazo 20, na kwa siku unahitaji 60 hadi 80. Mbaazi za nazi, kunde na choroko zilizoiva hadi kupondeka, sawa. Yai la kuvuruga, sawa. Pweza mwache, hata apikwe vipi ni mpira. Muhogo toa ule uzi wa kati, na uuponde. Mahamri, chapati na mkate wa mofa vikilowa vinakuwa donge, na wali wa nazi unashikana. Ukitaka wali, vijiko viwili vilivyojaa mchuzi, mwisho wa mlo, si mwanzo. Chungwa toa utando wote. Embe chagua lisilo na nyuzi.

Mtego wa futari ya Pwani uko kwingine. Tambi za sukari, kaimati, halua, juisi ya miwa, uji wa mchele wenye tui: vyote vitateleza bila kukwama, hata ubanwe vipi. Mkanda hauna habari na kitu kinachoyeyuka. Amua kabla ya kukaa, kipi kimoja na kijiko kimoja.

Bi_Leicester

Mungu awalipe. Nimeshapiga simu, nimepewa nafasi keshokutwa. Swali la mwisho: likinikuta jambo huko, nani atajua kuutoa maji? Naogopa watu hawajawahi kuuona.

Nesi_wa_Marekebisho

Hapo umefikiri vyema. Omba kliniki barua ya ukurasa mmoja: aina ya mkanda, ujazo wake wote, maji yaliyomo leo na tarehe, poti (kile kitufe cha chini ya ngozi kinachodungwa sindano ya kujazia maji) iko upande gani wa tumbo, na namba ya simu ya daktari. Omba pia sindano mbili za Huber ndani ya pakiti zake, uziweke kwenye begi la kupakiwa. Sindano ya kawaida hukata kipande kidogo cha mpira wa poti kila inapoingia, na poti ikianza kuvuja mkanda hautajazika tena. Ya Huber imepindwa ncha ili isikate. Kokote wanakowadunga wagonjwa wa saratani dawa kwa poti ya kifuani watakuwa nazo, na mkono wa kuzitumia wanao.

Anayekutoa maji si lazima awe bingwa wa mikanda. Unalala chali, unainua kichwa kidogo ili misuli ya tumbo ikaze na poti ijitokeze, ukubwa wa sarafu chini ya ngozi. Anasafisha ngozi vizuri kwa dawa, anaishika poti kwa vidole viwili, anaingiza sindano wima mpaka ahisi imegonga chuma, kisha anavuta bomba. Maji yatoke maangavu. Yakiwa na ukungu au rangi, wayapeleke maabara, huenda kuna maambukizi. Kwa dharura, kama Huber haipo na mtu hamezi mate, sindano nyembamba ya kawaida itumike. Poti inabadilishika.

Jambo jingine liandikwe kwenye barua hiyo hiyo kwa herufi kubwa: ikiwa umetapika kwa wiki mbili au zaidi, upewe vitamini B1 ya sindano KABLA ya dripu ya glukosi. Akiba ya B1 mwilini huisha haraka, na sukari ikiingia kabla yake inaweza kuudhuru ubongo. Dalili za kuwaonyesha ni miguu kufa ganzi au kuwaka, kuyumba, na macho kuona mbili.

Kijiko_cha_Chai

Narudisha neno langu la kungoja wiki, Nesi ana haki. La ndege: kuna wanaobanwa zaidi wakiwa angani, kwa hiyo siku ya safari ule laini tu, na usiule ule mkate wa trei. Beba mtindi mzito au supu ya dengu ya unga, uombe maji ya moto. Safari ikiwa na kuunganisha ndege, panga mlo uwe uwanjani, ukiwa umesimama sawasawa, si kwenye kiti kilicholazwa.