Grini ya gofu nyuma ya nyumba mpya: nyasi bandia za dukani, za kuagiza, au paspalum?

Mkazi_Madale
Habari za jioni wakuu. Nimehamia kwangu Madale mwezi wa pili. Nyuma ya nyumba pamebaki wazi na mama watoto ameshakubali nitengeneze sehemu ya kufanyia mazoezi ya pati, ile ya kusukuma mpira wa gofu uviringike mpaka shimoni. Nawaza mambo matatu: nyasi bandia za bustani zinazouzwa kwa mita madukani, kuagiza zile fupi maalumu za grini (pale penye shimo), au kupanda paspalum, ambayo ni nyasi hai. Fundi anasema wiki moja kazi imeisha, anataka nianze kabla ya vuli. Ipi bora?

Kokoto_Nusu
Mkuu, hujasema ukubwa wa eneo, maji ya mvua yanaelekea wapi, jua linapiga saa ngapi, wala bajeti. Na kubwa kuliko yote: hapo ni ardhi yenyewe au ni kifusi mlichomwaga wakati wa ujenzi?

Bi_Bustani
Paspalum, usihangaike. Nyumba zetu mpya zimejaa saruji na pevingi kila kona, bado uongeze plastiki? Inavumilia maji ya kisima yenye chumvi, na visima vya Dar tunavijua. Saa nane mchana unaikanyaga peku na imepoa.

Kedi_Mstaafu
Dada, kwa bustani nakuunga mkono. Kwa pati, hapana. Grini halisi inakatwa milimita 3 hadi 4, karibu kila siku, kwa mashine ya silinda, si hizi za kisu kinachozunguka. Nimebeba mifuko ya wachezaji miaka mingi, nimewaona watunza uwanja wakianza kazi bado kuna giza. Ukiziacha siku nne mpira unarukaruka.
Mkazi, hizo za dukani za milimita 30 au 40 usiziguse. Mpira unazama, unazoea kuupiga kwa nguvu, halafu siku ukienda uwanja wa gofu wa Lugalo unapitiliza shimo mita mbili. Chukua fupi, milimita 10 hadi 15.

Goba_Juu
Nisikilize mimi niliyeumia. Nilitandika mwezi wa kwanza, nyumba ikiwa na miezi sita. Fundi alimwaga mchanga juu ya kifusi, akausawazisha kwa ubao, akatandika kapeti, akagonga misumari pembeni. Siku mbili tu. Ilipendeza mno, watoto walikuwa wanalala juu yake jioni.

Masika ilipoingia, kifusi kikaanza kukaa. Upande wa ukutani ukabonyea kama sinia, na kila mpira, uupige utakavyo, unaishia humo. Mvua ikinyesha, maji yanatuama siku tatu. Mwezi wa tano nikaona vijani vimesimama wima katikati, nikadhani ni nyuzi za kapeti zimeachia. Kuinama, ni ndago! Imetoboa kapeti kutoka chini, ncha kali kama sindano. Ukivuta, jani linakatikia mkononi, kiazi kinabaki chini. Nilipofunua kona, mchanga umelowa, unanuka, na mizizi imesukana kama mkeka. Fundi hapokei simu mpaka leo. Nimefumua kila kitu na kuanza upya kwa fedha yangu.

Mkazi_Madale
Pole sana ndugu yangu. Kokoto_Nusu, eneo ni mita 5 kwa 8. Ni kifusi, ndiyo, kama mita moja hivi, kwa sababu kiwanja kilikuwa na mteremko. Bajeti milioni 6. Jua linapiga kuanzia saa sita hadi jioni. Madirisha ya upande huo ni vioo vile vya kuakisi.

Mpwa_Phoenix
Niko Arizona, kazi yangu ni kutandika hizi. Kama hicho kifusi hakikushindiliwa tabaka kwa tabaka, acha vuli na masika zipite juu yake kwanza. Baada ya hapo chimba, tandaza kitambaa cha kuchuja, weka sentimita 10 za kokoto, juu yake vumbi la kokoto, loanisha, shindilia kwa mashine. Mteremko wa sentimita moja au mbili kwa kila mita unatosha kuondoa maji. Kikombe cha shimo ni milimita 108, kishike kwa zege kabla ya kapeti. Mwisho mchanga wa silika, unaupiga brashi kidogo kidogo mpaka zibaki ncha tu za nyasi. Kasi ya mpira inatoka kwenye huo mchanga.
Ila kaka, hivyo vioo vinanitisha kuliko kifusi. Jua likigonga kioo na kurudi chini, linayeyusha nyasi bandia. Nimeitwa mara kadhaa kubadilisha vipande vilivyoungua mstari mzima chini ya dirisha.

Mama_Wawili
Na joto lenyewe jamani. Mdogo wangu alicheza peku kwenye nyasi bandia saa saba mchana, alirudi na malengelenge kwenye nyayo.

Kedi_Mstaafu
Unamwagia maji kabla ya kucheza, au unacheza saa kumi na moja jioni.

Bi_Bustani
Kwa hiyo maji yanahitajika vilevile! Si heri uyamwagie kitu chenye uhai?

Syokimau_Njia
Huku kwetu ni udongo mweusi, kiangazi unapasuka mpaka mguu unaingia. Mimi niliutoa wote, nikajaza moramu. Hiyo milioni 6 ingeishia chini kabla hujanunua nyasi.

Kokoto_Nusu
Swali moja bado. Karo la maji taka liko upande gani?

Mkazi_Madale
Liko hapo hapo nyuma. Mfuniko ungekuwa karibu na shimo la pili. Fundi alisema kapeti litapita juu.

Kokoto_Nusu
Usikubali! Siku gari la kunyonya likija utalikata hilo kapeti kwa kisu. Pima upya, hata ukibaki na mita 4 kwa 5.

Mkazi_Madale
Kesho namwita aje na futi kamba. Fedha ya kuagiza naizuia kwanza.

Bi_Bustani
Goba_Juu, ndago uliimalizaje? Imeingia kwenye paspalum yangu.

Goba_Juu
Kwa jembe la mkono, kiazi kimoja kimoja. Jana nimeiona tena, karibu na bomba.