Picha za menyu ya Kihindi: mchuzi wangu unatoka kama tope

Kijana_Gerezani
Wakuu, salaam. Kazi zangu ni harusi na sendofu, chakula sijawahi kupiga. Nimepata mgahawa mmoja Upanga, Dar es Salaam, chakula cha Kigujarati na cha Kipunjabi, wanataka sahani 34 za menyu mpya. Jumamosi nilienda kujaribu saa mbili usiku, wateja walipopungua. Nimerudi na aibu. Dal makhani, ule mchuzi wa dengu nyeusi, imetoka kama bonde la Jangwani baada ya mvua. Palak paneer, mchicha wa kusagwa wenye vipande vya jibini (paneer), ina rangi ya sare za mgambo. Vibakuli vya shaba vinanionyesha mwenyewe nimeinama na kamera. Mzee mwenye mgahawa akaangalia, akaniambia kwa upole, "Kijana, hiki mimi siwezi kula." Nina Canon, lenzi ya 50mm na flashi moja. Jumanne narudi. Nisaidieni.

Mzee_wa_Flashi
Paka glisirini mkuu, kila kitu king'ae. Wenzetu huko nje hata badala ya maziwa wanaweka gundi!

Dada_Sahani
Mdogo wangu, glisirini achana nayo. Gundi ni ya matangazo ya nafaka za asubuhi. Wewe mteja wako ataletewa sahani ileile mezani huku picha ikiwa mbele yake.

Nimepiga menyu za Kihindi miaka tisa, nyingi Kisutu na hapohapo Upanga. Kwanza, usiku ndio uliokuponza. Tyubulaiti ina ukijani, balbu ina unjano, flashi yako ina weupe wake. Hakuna programu itakayokupatanishia hao watatu. Nenda saa nne asubuhi, zima taa zote, sogeza meza kwenye dirisha lisilopigwa na jua. Mwanga uje kutoka nyuma ya sahani, ubavuni kidogo. Ukitoka mbele unaua mng'ao, na mchuzi usio na mng'ao ndio tope lenyewe. Upande wa pili simamisha kadi nyeupe. Ile shaba inayokuonyesha: toboa kadi nyeupe tundu la lenzi, upigie humo. Itaakisi kadi badala ya pua yako.

Sasa jikoni, ndiko kazi iliko. Kaa na mpishi siku moja kabla. Palak yako ilikaa motoni tangu mchana, na pengine ilikuwa na nyanya. Moto wa muda mrefu na uchachu huondoa magnesiamu kwenye ule ukijani wa majani, ndiyo ikawa mgambo. Mwombe achemshe mchicha kama dakika moja, autose kwenye maji ya barafu, ausage, aupashe tu ukimwambia uko tayari. Paneer aikaange pembeni ipate wekundu, uipange juu kwa mkono wako. Ukimwachia, vipande vyote vinazama.

Dal makhani haina rangi yake, unaiazimia: uzi mmoja wa krimu, kipande cha siagi ndiyo kwanza kinaanza kuyeyuka, bakuli pana lenye kina kifupi. Kwenye butter chicken mpishi atumie pilipili ya Kashmir, ina rangi kuliko ukali. Yale mafuta mekundu yanayoelea usiyafute na tishu! Mpunjabi akiyaona anajua mchuzi umeiva. Na zima kiyoyozi, samli ikipoa inaganda na kuweka utando.

Puri, ule mkate wa kukaangwa, inakaa imevimba dakika moja, mbili, halafu inalala. Kwa hiyo panga kila kitu kwa sahani tupu kwanza, pima mwanga, halafu ndiyo upige kelele "leta!"

Na mapambo uliza kabla hujaweka hata jani. Niliwahi kupanga thali (sinia la vibakuli vingi) ya Kijaini, nikaona imepooza, nikaitupia pete za vitunguu vyekundu. Niliipenda picha ile kuliko zote. Mama mwenye mgahawa alicheka mpaka akakaa chini. Wajaini, watu wa dini moja ya Kihindi, wakishika dini yao hawali kitunguu, saumu wala viazi, mizizi inayochimbwa ardhini. Nilirudia thali nzima kwa hela yangu.

Kijana_Gerezani
Dada, Mungu akubariki. Na thali yenye vibakuli vinane naipigaje? Na sahani 34 kwa siku mbili zinaisha?

Dada_Sahani
Thali juu kabisa, panda kwenye stuli. Ukiipiga kwa mshazari vibakuli vya mbele vinafunika vya nyuma. Michuzi mshazari, kama mtu aliyekaa anavyoiona. Dosa, ile chapati nyembamba ya kukunjwa, shuka karibu na usawa wa meza, la sivyo urefu wake wote unapotea.

Siku mbili ukatae. Mimi nikiwa na msaidizi napiga kumi na mbili kwa siku. Anza na visivyopoa: chatne, mithai, dhokla, ile keki ya unga wa dengu (hiyo haradali na giligilani mwagia dakika ya mwisho, zisinywee). Tanuri nalo huchelewa kupata moto, kwa hiyo naan na tandoori ni za mchana.

Fundi_Chapa
Niongezee la kwetu wachapishaji. Ile nyekundu ya tandoori mnayoisifia kwenye skrini, wino wa rangi nne hauifikii, inarudi kama matofali. Leteni faili la 300 dpi (nukta 300 kwa inchi) kwa ukubwa halisi, mtoe karatasi moja ya majaribio kwanza, mwenye mgahawa aisaini. Wakitaka laminesheni isiyong'aa, ongeza kidogo tofauti ya mwanga na giza kwenye michuzi, kwa sababu juu ya karatasi ile weusi na wekundu vinafifia. Mwaka jana tulichapa menyu 200 bila majaribio. Zote ziko stoo kwangu.

Kijana_Gerezani
Nimempigia mzee. Amekubali siku tatu, kuanzia Jumatano. Mpishi anasema mchicha unaingia saa moja asubuhi, ataweka barafu tayari. Ila mzee ametoa sharti: kila sahani ikishapigwa picha tuile sisi, yeye hatupi chakula. Natafuta msaidizi mmoja, mpaka sasa wamejitokeza wanne.