Buli la Kijapani lenye mpini ubavuni, nitajuaje kama limefinyangwa kwa mkono?

MtotoWaIgoma

Wakuu habari za jioni. Naomba kuelimishwa na wanaojua vyombo vya chai. Pale Mlango Mmoja hapa Mwanza kuna mama anauza vyombo vya mtumba, sahani, glasi, hotpoti, vikorokoro vya kila aina, sasa katikati ya hivyo nikakuta buli dogo la udongo mwekundu, halina maua wala halijapakwa kitu, mpini wake umetokea ubavuni kama wa kikaango, sio kule nyuma kama mabuli tuliyozoea. Nimelishika nikashindwa kulirudisha. Ni dogo kweli, linaingia kama robo lita hivi. Chini lina muhuri wa maandishi ya Kijapani.

Pembeni yake kulikuwa na vikombe viwili visivyo na mkono, rangi ya maziwa, vimejaa vijistari vyembamba kama nyufa ila havijapasuka. Nimechukua vyote. Maswali yangu: nitajuaje kama ni kazi ya mkono au ya kiwandani, na je nilitumie au niliweke kabatini? Nataka kuanza kukusanya hivi vitu taratibu ila sitaki kukusanya bila kuelewa. Natanguliza shukrani.

Jiwe_la_Bismarck

Mkuu hongera, una jicho. Hilo buli Wajapani wanaliita kyusu na huo mpini wa ubavuni ndio mtindo wao wa kila siku nyumbani, unashika kwa mkono wa kulia, kidole gumba kinakandamiza mfuniko, unainamisha kifundo tu chai inatoka. Udongo mwekundu usio na glezi (ile ngozi ya kioo tunayoiona kwenye vikombe) unanipeleka Tokoname, mji ulioko mkoa wa Aichi, mmoja kati ya vituo 6 vya kale vya ufinyanzi Japani ambavyo mpaka leo vinachoma udongo. Wekundu wenyewe si rangi ya kupaka, ni chuma iliyomo kwenye udongo. Mabuli mekundu pale yalianza na mfinyanzi anaitwa Sugie Jumon mwaka 1854, halafu 1878 akaja fundi wa Kichina Jin Shiheng akawaonyesha namna wanavyojenga mabuli kwao Yixing. Na mwaka 1998 serikali ya Japani ilimpa Yamada Jozan wa tatu hadhi ya Hazina Hai ya Taifa, kwa mabuli ya Tokoname. Mabuli ndugu zangu! Nchi nzima inasimama kumheshimu mtu kwa sababu anajua kutengeneza chombo cha kumiminia chai, mimi jambo hilo huwa linanigusa sana.

Sasa la mkono au la kiwandani. Muhuri uache kwanza, hata viwanda vinapiga muhuri. Fungua mfuniko uangalie ndani kwa tochi ya simu. La kufinyangwa kwenye gurudumu mara nyingi lina mistari ya vidole inayozunguka, la kumiminwa kwenye kalibu linakuwa laini kila mahali na unene uleule na pengine utaona mshono umepita katikati. Halafu angalia pale mdomo unapoanzia kwa ndani. Ukikuta wavu wa chuma cha pua umezungushwa hapo, basi kwa kawaida ni la bei ya chini, linafaa kwa chai lakini sio lile unalolitafuta. Ukikuta chujio la udongo wenyewe, kama kijikuba kilichotobolewa vitundu vingi vidogo, hapo kuna mtu alikaa chini na sindano akatoboa udongo ukiwa bado mbichi. Fundi wa kweli anafinyanga tumbo peke yake, mfuniko peke yake, mdomo, mpini na chujio kila kimoja peke yake, ndio anaunganisha, na vyote vikikauka vinasinyaa, kwa hiyo asipopatia hesabu haviingiliani.

Mfuniko ndio unaosema yote kwangu. Jaza maji, ziba kwa kidole kile kitundu kidogo cha juu ya mfuniko, mimina. Maji yakikata hapohapo, ujue mfuniko umesagwa na buli lake mpaka vimekuwa kitu kimoja. Toa kidole, maji yashuke kama uzi, ukisimamisha tone la mwisho lisitiririke kwenye kidevu cha mdomo. Buli linalopita hapo hata kama halina muhuri mimi nalinunua.

MjukuuWaNyungu

Naongezea moja la muhimu kabla hujaharibu. USILIWEKE JIKONI, sio mkaa sio gesi. Najua tunaona udongo tunafikiria chungu, bibi yangu upande wa Sengerema alifinyanga vyungu bila gurudumu na akachoma kwa nyasi na kuni palepale uwanjani, na chungu chake kinakaa kwenye mafiga siku nzima hakipasuki, lakini ni kwa sababu udongo wake una chengachenga na unapitisha hewa, moto ukiupanua una nafasi. Buli la Tokoname udongo wake ni laini kama unga na umechomwa kwenye tanuru kali mpaka umeshikana, ukiliweka kwenye moto linapasuka. Maji chemsha kwenye birika, buli ni la kuivishia majani tu.

Na usilioshe kwa sabuni, udongo usio na glezi unashika harufu. Maji ya moto, suuza, acha mfuniko wazi likauke. Chai ya maziwa na tangawizi naipenda sana ila iache kwenye chupa yake.

KabatiLaKioo

Mimi ningeweka kabatini. Kazi ya mkono kutoka Japani ikikaa vizuri thamani inapanda, ikidondoka mara moja imekwisha.

Jiwe_la_Bismarck

@KabatiLaKioo nakuelewa, lakini wakusanyaji wanaolipa pesa nzito wanataka na lile sanduku la mbao lenye saini ya mfinyanzi, la mtumba linakuja bila sanduku, kwa hiyo hapo kwenye thamani ya kuuza tusidanganyane. Na hili halikutengenezwa likatazamwe. Udongo mwekundu ukitumiwa na kufutwa kwa kitambaa unaanza kung'aa wenyewe, mng'ao wa mikono ya watu, haununuliwi dukani.

DadaWaNyegezi

Jamani huu uzi mzuri. Mimi ni mtu wa majani zaidi, kwa hiyo naongelea maji. Sisi wa ziwani tuna bahati, maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana chokaa nyingi, na chai ya kijani inapenda maji ya hivyo, hata Japani maji yao mengi ni laini. Ya bomba yaache yachemke mfuniko ukiwa wazi dakika kadhaa ile harufu ya dawa itoke. Na kwa mwinuko wetu, kama mita 1,140 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 96, hayafiki 100. Kwa sencha, ile chai ya kijani ya Kijapani, bado ni moto mno, unataka 70 mpaka 80, ndio maana vile vikombe vina kazi mbili. Mimina maji kwenye vikombe kwanza, yanapoa kama nyuzi 10, yarudishe kwenye buli lenye majani, subiri dakika moja. Ukimimina usijaze kikombe kimoja halafu kingine, nenda huku kidogo huku kidogo ili ukali ulingane, na umalize mpaka tone la mwisho maana maji yakibaki majani yanaendelea kuiva na raundi ya pili inakuwa chungu.

MtotoWaIgoma

Aisee asanteni sana. Nimemulika: mistari ya vidole ipo, wavu hakuna, chujio ni la udongo lina vitundu vingi mno. Nimeziba kidole maji yamekata kabisa!! Nimerudia mpaka wadogo zangu wamekuja kuangalia. Vikombe je? Hiyo mistari ni ubovu? Na mdomo wa buli una kijipengo kidogo, nimesikia wanaziba kwa dhahabu.

DadaWaNyegezi

Vikombe vya rangi ya maziwa vyenye vijistari vinanikumbusha Hagi, mkoa wa Yamaguchi, ufinyanzi ulioanzishwa na mafundi wa Kikorea miaka ya 1600 mwanzoni. Vijistari si ubovu, glezi inasinyaa kuliko udongo wakati wa kupoa, basi inajigawa. Chai inaingia humo polepole na kikombe kinabadilika rangi mwaka hadi mwaka, wenyewe wanasubiri kwa hamu hayo mabadiliko. Geuza uangalie kitako, kama udongo uko wazi na unakwaruza kidogo hiyo ni dalili nzuri. Kabla ya kutumia viloweke kwenye maji safi usiku mzima, vikivuja jasho mwanzoni usishtuke, vitajiziba kwa chai.

Pengo liache. Ile kazi ya dhahabu inafanywa kwa utomvu wa mti uitwao urushi, unakauka kwa wiki nyingi kwenye unyevu, dhahabu inakuja juu mwishoni. Gundi za kuchanganya na unga wa dhahabu usiweke sehemu inayopitisha chai. Pitisha msasa laini uliolowa maji kwenye ukingo usije ukakata mtu mdomo au kidole, halafu jaribu tena kumimina. Kama bado linakata vizuri huna haja ya kugusa kingine.