Kupima injini za chesi kwenye askofu dhidi ya farasi: matokeo hayatulii

Kibokoni64:
Salaam aleikum wadau. Nina mikao 40 ya mwisho wa mchezo, askofu upande mmoja na farasi upande wa pili, vitunda vitatu hadi sita kila upande. Nataka kujua kati ya injini mbili ni ipi inayoielewa zaidi. Stockfish ni mojawapo. Laptopu ina kori 4 na RAM ya GB 8, na majedwali ya Syzygy ya kete 5 (faili zenye jibu kamili la mikao yenye kete chache) nimeyaweka. Kila mkao naupa sekunde 30, kori zote nne. Nikirudia jaribio lilelile, mikao mitano sita hivi inabadilisha jibu. Tena kuna mikao ambayo injini inang'ang'ania tathmini ya +1.80 mpaka kina cha 50 (hatua inazotazama mbele) bila kusogea. Hiyo nihesabu imepata au imekosa?

FarasiWaTudor:
Yakhe, anza na saa. Sekunde 30 za alfajiri si sekunde 30 za saa nane mchana hapa Mombasa. Laptopu ikishika joto, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe na nodi (mikao inayochunguza) kwa sekunde zinashuka. Achana na saa, tumia nodi: `go nodes 20000000` kwa kila mkao. Feni ilie isilie, kazi ni ileile.

Pili, Threads (idadi ya kori zinazotumika) iwe 1. Kori nne zinaandika kwenye hashi moja (kumbukumbu ya mikao iliyokwisha kuchunguzwa), na ipi itangulie hutegemea shughuli za kompyuta dakika ile, ndiyo maana jibu linageuka hata nodi zikilingana. Hash ya MB 256 yatosha. Tuma `ucinewgame` kabla ya kila mkao, la sivyo mkao wa 7 unaanza na mabaki ya mkao wa 6. Ukishika haya, injini ileile itatoa jibu lilelile kila ukirudia. Isipotoa, kuna mpangilio umeusahau.

SyzygyPath (mpangilio unaoonyesha majedwali yako wapi) iache tupu. Kete zikishabadilishana zikabaki 5 ndani ya hesabu zake, injini inasoma jibu kwenye faili, na wewe unakuwa unapima diski. Majedwali yabaki mkononi mwa mwamuzi, yaani wewe unapohakiki majibu.

Mvita_e4:
Sawa kabisa, ila mikao yenyewe ina uzito kuliko yote hayo. Injini hupunguza kazi kwa kujiuliza: nikimwachia mpinzani zamu bila kucheza, bado niko vizuri? Ikiwa ndiyo, tawi lile linakatwa. Hesabu hiyo huharibika pale ambapo kuwa na zamu ndiyo hasara yenyewe, yaani zugzwangi. Injini nyingi huzima ukataji huo mchezaji akibaki na mfalme na vitunda tu. Hapa kuna askofu au farasi ubaoni, kwa hiyo kinga hiyo haifanyi kazi, na zugzwangi ndiyo silaha kubwa ya askofu juu ya farasi. Chukua mchezo wa 4 wa Fischer na Taimanov, Vancouver 1971: askofu wa Fischer alimbana farasi hadi akakosa pa kukanyaga, kisha hatua ya 62 akajitoa kwa Bxg6 (askofu anakula g6) ili mfalme avichukue vitunda vya b6 na c5. Mpe injini mkao wa kabla ya 61.Be8 uone itafika kwa nodi ngapi.

Kabla ya hapo pima kama inajua farasi hawezi kupoteza zamu, yaani kusubiri ili mpinzani alazimike kucheza (mikao hii imeandikwa kwa FEN, ubao kwa maandishi):

`K7/P1k5/8/8/8/8/8/7N w - - 0 1`
`K7/P1k5/8/8/8/8/8/6N1 w - - 0 1`

Wa kwanza Nyeupe anashinda (N ni farasi, K ni mfalme): 1.Ng3 Kc8 2.Ne4 Kc7 3.Nd6, na akimla farasi, 4.Kb7. Wa pili ni sare. Farasi hubadilisha rangi ya mraba kila hatua, na mfalme mweusi vilevile akicheza c7 na c8. Zamu ikiwa ya Nyeupe nao wako rangi moja, hawapishani milele. Weka askofu badala ya farasi, Nyeupe anashinda, maana yeye anasubiri kwenye mlalo wake anavyotaka. Injini ikionyesha faida kubwa kwenye mkao wa pili na namba isishuke, hiyo imekosa.

NahodhaLikoni:
Kuhusu +1.80: usiihesabu kabisa. Tangu Stockfish 15.1, +1.00 maana yake ni uwezekano wa kushinda wa asilimia 50. Injini nyingine ina kipimo chake. Namba iliyokwama hivyo mara nyingi ni dalili ya ngome isiyovunjika, yaani ulinzi usiopenyeka. Chezesha mkao mpaka mwisho, kila injini ishike pande zote mbili, jumla michezo 80. Kwa cutechess-cli, programu ya kuchezesha injini:

`-each tc=inf nodes=2000000 -openings file=mikao.epd format=epd order=sequential -repeat -games 2 -rounds 40`

Ondoa `-resign` na `-draw`, zinazokata mchezo mapema. Hili huharibu majaribio mengi: injini inayojiona -6 ndani ya ngome salama inakatiwa mchezo, na sare inaandikwa ushindi. Jaribu na huu:

`7k/8/8/6KP/8/5B2/8/1n6 w - - 0 1`

Askofu hafiki mraba wa h8, ambako kitunda kingegeuka malkia, kwa hiyo hata farasi akiliwa ni sare.

Kibokoni64:
Shukrani sana. Kwa kuamua michezo hiyo, nipakue Syzygy za kete 6 zote?

FarasiWaTudor:
Zote ni kama GB 150, na huzihitaji. Juu ya zile za kete 5 ongeza KBPPvKN, KBPvKNP na KNPPvKB, faili za .rtbw peke yake. Hizo ndizo zinazosema ushindi, sare au hasara. Kitunda kikishageuka malkia, au kete zikiwa 7, uliza jedwali la Lichess mtandaoni, ni bure. Kisha tafuta hatua ya kwanza iliyogeuza ushindi kuwa sare, uiandike pamoja na mkao wake. Ushindi unaopita kikomo cha hatua 50 uandike sare.